Jiwe la babu pale Igombe na geti la Jinja

Nyumbani kwetu Igombe, nyuma ya chanja za mama za kuanikia dagaa, kuna jiwe kubwa limeinama kuelekea Ziwa Victoria, na kwenye ubavu wake babu mzaa mama alichonga mstari kwa tindo mwaka 1964. Mstari wenyewe hauzidi kiganja kwa urefu, ila umenyooka kabisa, na pembeni yake ameandika 64, hiyo sita imeshaanza kuliwa na ule ukungu wa kijivu unaoota kwenye mawe yetu ya Mwanza. Babu alikua anatwambia hapo ndo maji yalipofika baada ya zile mvua za uhuru, mvua zilianza 1961 mwaka uleule Tanganyika inapata uhuru na ziwa likawa linapanda tu, mwaka wa kwanza, wa pili, mpaka 64 limepanda zaidi ya mita mbili, watu wakahama na kuacha mihogo inaozea shambani chini ya maji. Sisi watoto tulikua tunamsikiliza kama mtu anayesikiliza hadithi ya sungura, maana tukisimama chini ya jiwe ule mstari ulikua juu ya vichwa vyetu na maji yako kule mbali, unamuonaje mzee anakwambia samaki walikua wanapita hapa uliposimama.

Mimi ziwa nilianza kulijua vizuri mwaka 2006, mwaka lilipokimbia. Nilikua darasa la tano. Kazi yangu ya asubuhi kabla ya shule ilikua kuchota ndoo mbili, na nilikua nahesabu hatua kwa sababu ndoo inauma kichwani ukihesabu inapungua maumivu. Mwanzo zilikua hatua arobaini kutoka kwenye jiwe, baadae sabini, baadae nikaacha kuhesabu. Palipokua maji pakawa tope jeusi linanuka konokono waliokufa, ukikanyaga mguu unazama mpaka kwenye goti, na mtumbwi wa mjomba ukabaki umekaa juu ya tope kama ng'ombe mgonjwa, kuusukuma mpaka majini walikua wanahitajika vijana sita na wote wanataka chochote. Furu na sato wadogo wanaozalia kwenye matete wakapotea kwa sababu matete yenyewe yalibaki nchi kavu. Na pale mwaloni, mitumbwi inaposhushia samaki, kila mtu alikua na sentensi moja: "Waganda wamefungulia maji."

Nilikua nadhani ni maneno ya mwaloni tu, maana mwaloni kila kitu kina mtu wa kulaumiwa. Nimekuja kufuatilia ukubwani, na nimegundua wazee wale walikua wanajua kitu, japo walikijua nusu.

Ukweli ni kwamba hili ziwa letu, pamoja na ukubwa wake wote, ni bwawa. Naomba usome tena hiyo sentensi maana hata mimi ilinichukua muda kuikubali. Maji ya Ziwa Victoria yana mlango mmoja tu wa kutokea, nao uko Jinja, Uganda, hapo ndo mto Nile unapoanzia safari. Zamani mlango huo ulikua ni jiwe, kizingiti cha mwamba kwenye maporomoko yaliyoitwa Ripon, ziwa likijaa maji mengi yanaruka kizingiti, ziwa likipungua yanaruka kidogo, hakuna mtu anayegusa. Wakaja Waingereza wakajenga bwawa la Owen Falls chini kidogo ya hapo, likamalizika 1954, leo linaitwa Nalubaale, na kile kizingiti cha asili kikaondolewa na kufunikwa na maji. Kuanzia siku hiyo kiasi cha maji yanayotoka ziwani hakiamuliwi tena na mwamba, kinaamuliwa na binadamu mwenye geti.

Sasa hawa watu hawakua wajinga, walijua kwamba ukimpa mtu geti la ziwa zima lazima kuwe na sheria ya kulifungua. Wakakubaliana Uingereza kwa niaba ya Uganda upande mmoja na Misri upande wa pili, kwamba geti litatoa maji kiasi kilekile ambacho ule mwamba wa Ripon ungetoa kama ungekuepo. Wakachora mchoro, huku usawa wa ziwa, huku kiasi cha maji ya kutoa kwa sekunde, kwaiyo kila asubuhi unapima ziwa, unaangalia kwenye mchoro, unafungua kadri mchoro unavyosema. Yani bwawa lijifanye jiwe. Mimi hili wazo nalipenda sana, kwamba mashine yote ile na zege lote lile vinatii jiwe ambalo halipo tena. Na Misri kwa makubaliano ya 1949 ikapewa haki ya kuweka injinia wake palepale Jinja aangalie kama mchoro unafuatwa. Cairo iko mbali kiasi gani na Jinja, lakini waliona umuhimu wa kuwa na jicho pale.

Tatizo lilikuja baadae. Uganda ikajenga kituo cha pili pembeni ya kile cha kwanza, Kiira, kikaanza kufanya kazi mwaka 2000. Maji ni yaleyale, ziwa ni lilelile, ila sasa kuna midomo miwili. Halafu ukaja ukame wa 2003 kuendelea mpaka 2006, mvua zikakata, na watu wa Kampala wanataka umeme kama wewe na mimi tunavyoutaka, mitambo ikaendelea kufunguliwa zaidi ya mchoro unavyoruhusu. Wataalamu waliokuja kuchambua wakakuta kwamba ule upungufu wa miaka ile, karibu nusu yake ni ukame na karibu nusu ni hayo maji yaliyotolewa kupita mchoro. Ziwa likashuka mpaka kiwango ambacho hakijaonekana tangu miaka ya 1920.

Siandiki hivi kuwachukia Waganda. Mwaka huohuo 2006 sisi Tanzania tulikua kwenye mgao wa umeme wa kufa mtu, bwawa la umeme la Mtera limekauka, vinyozi wa Kirumba wanakaa nje wanacheza bao, na ningekua na geti la kugeuza nikapata umeme wa kuhifadhi chanjo za watoto hospitali sijui ningefanya nini. Nachosema ni kwamba uamuzi wa kufungulia ulifanyika sehemu moja na tope likatokea sehemu nyingine, na mjomba wangu aliyekua anawalipa vijana sita kusukuma mtumbwi hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba maji yatashuka, yatashuka kiasi gani, mpaka lini. Aliona tu.

Nimekaa na kalkuleta usiku mmoja nikataka kujua kila mtu anachukua kiasi gani, na hapa ndo nilipopigwa na butwaa. Ziwa lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi. Sentimita moja tu ya ziwa zima, upana wa kucha ya kidole cha mwisho, ni mita za ujazo milioni 688. Mtambo wetu wa maji wa Butimba ule mpya, ukifanya kazi kwa uwezo wake wote, ni lita milioni 48 kwa siku. Gawanya. Butimba inahitaji miaka 39 kumaliza sentimita moja ya ziwa, na hapo hujahesabu mvua. Kuoga kwetu Mwanza nzima, kupika, kufua, hata bomba linaloanzia Ihelele kule Misungwi linapeleka maji Shinyanga na Kahama mpaka Tabora, havifikii hata kulikwaruza. Sasa chukua Jinja, wakitoa mita za ujazo 1,000 kwa sekunde ambayo ni kiwango cha kawaida tu, sentimita hiyohiyo inaisha kwa siku nane. Siku nane kwa miaka 39.

Ila kabla hujamaliza kukasirika, angalia na jua. Jua linanyonya kwenye ziwa kama milimita 4 kila siku, ukipiga hesabu ni zaidi ya mita za ujazo 3,000 kwa sekunde, mara tatu ya Jinja. Na kinachorudisha ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, hiyo ndo asilimia kama 80 ya maji yote yanayoingia, mito yote ukijumlisha, Kagera, Nzoia, Mara, Simiyu, inaleta hiyo asilimia kama 20 iliyobaki. Kwaiyo mvua na jua ndo wanacheza mpira mkubwa, lakini mvua na jua huwezi kukaa nao mezani, geti unaweza. Na mwaka ambao mvua na jua vimekaribiana kulingana, ni geti linaloamua chanja za mama zikae wapi.

Mita moja ya ziwa, kama unapenda hesabu kubwa, ni mita za ujazo karibu bilioni 69. Mgao wote wa Misri kwa mwaka mzima kwenye mkataba wao na Sudan wa 1959 ni bilioni 55.5. Ndo maana dunia nzima inaliangalia hili ziwa kwa setelaiti, tangu 1992 kuna setelaiti zinapita juu na kupima usawa wake, ukiwa na bando unaweza kuona mchoro wa kupanda na kushuka kwake ukiwa umekaa kwenye daladala ya Igombe.

Mambo ya mikataba nitayapitia haraka maana yanachosha na wengi mnayajua. Mwaka 1929 Uingereza iliandikiana na Misri kwamba hakuna kazi ya maji kwenye Nile na maziwa yake, kwenye nchi ilizotawala, itakayopunguza maji ya Misri bila Misri kukubali, na sisi tuliingizwa humo bila kuulizwa. Mwaka 1962 serikali ya Tanganyika, kwa ule msimamo wa Nyerere, ikaandika barua kwa Uingereza, Misri na Sudan kusema mkataba ule hauifungi Tanganyika. Barua ile kwangu mimi ni moja ya kazi nzuri alizoifanyia nchi hii, na bomba la Shinyanga ni mtoto wake, Misri walilalamika mradi ulipoanza na bomba likapita vilevile. Halafu 1999 Dar es Salaam ikaanzishwa ile Jumuiya ya nchi za bonde la Nile, ofisi zake Entebbe, 2010 nchi zikaanza kusaini mkataba mpya, na mkataba huo umeanza kutumika rasmi Oktoba 2024 baada ya Sudan Kusini kuuridhia na kufikisha nchi sita. Na kwa ziwa lenyewe, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilisaini itifaki yake 2003 na kuna Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria ipo Kisumu. Kwaiyo meza zipo. Viti vipo.

Nije 2020 sasa, maana huko ndo nilipolia.

Mvua zilianza mwishoni mwa 2019 na hazikukata. Mwezi wa nne 2020 mama ananipigia anasema maji yameingia chini ya chanja ya kwanza, nikamwambia hamisha, anasema nahamishia wapi, nyuma ni nyumba. Wiki iliyofuata chanja nne ziko majini, miti ya chanja inaelea, wavu wa kuanikia umejikunja kama nguo iliyokamuliwa, na stoo ya dagaa maji yanafika kwenye kifundo cha mguu. Gunia kumi na moja za dagaa wa giza zima, yani zile siku zisizo na mbalamwezi ambazo dagaa wanavuliwa, zimenyonya maji kutoka chini, ukifungua harufu inakutoa machozi, zile haziwi hata chakula cha kuku. Mwezi uleule kule Jinja kisiwa cha magugu kilichong'oka kikaelea mpaka kwenye mitambo na nchi nzima ya Uganda ikazima taa, mtaona kwamba hakuna aliyekua salama. Kisumu nako maji yameingia kwenye nyumba za watu. Sasa ziwa limejaa, Uganda inabidi ifungue mageti makubwa, na ikifungua sana maji yanaenda kuwazamisha watu wa Sudan Kusini, kule Bor na kwenye vile vinamasi vya Sudd ambako familia ziliishi juu ya vichuguu vya udongo na ng'ombe wao. Ukifunga unazamisha Igombe, ukifungua unazamisha Bor. Mimi kabla ya hapo nilikua sijawahi kumuwaza mama wa Bor hata siku moja.

Katikati ya Mei nikaenda nyumbani. Mjomba akanishika mkono akanipeleka kwenye jiwe, tukaingia majini mpaka kifuani, akaniambia, "Mpwa wangu, papasa." Nikapapasa kwenye ubavu wa jiwe, nikaukuta mstari wa babu kwa vidole, maji yanapiga palepale, yanaufunika na kuuachia, yanaufunika na kuuachia. Baadae nikaja kusoma vipimo vya Jinja, mwaka 1964 ziwa lilifika mita 13.41 na Mei 2020 limefika mita 13.42. Tofauti ya sentimita moja. Babu hakwenda shule zaidi ya miaka mitatu, alitumia tindo na macho, na miaka 56 baadae setelaiti na mainjinia wanakuja kusema kitu kilekile alichokisema. Tulisimama pale majini tukiwa kimya, mjomba akasema tu, "Mzee alikua anatuonya."

Na kutoka pale penye tope la 2006 mpaka kwenye mstari ule ni karibu mita tatu kwenda juu. Kwenye ufukwe kama wetu ambao ni tambarare, mita tatu kwenda juu ni shamba zima kwenda mbele.

Hapo ndo linapokuja suala ambalo linaniuma zaidi ya dagaa. Stoo ya mama ilijengwa 2007, maji yako kule, mtu ungesema anajenga porini. Baada ya mafuriko wakaja watu na ndoo ya rangi nyekundu, wakapima kutoka kwenye maji, wakasema iko ndani ya mita 60, wakaandika X kwenye ukuta na kuondoka. Sheria ya kutojenga ndani ya mita 60 ipo, ni Sheria ya Mazingira ya 2004, na mimi naiunga mkono, tusipoacha ufukwe upumue tunaua mazalia ya samaki kwa mikono yetu. Ila mita 60 kutoka wapi? Kutoka kwenye maji ya 2006 au kutoka kwenye mstari wa babu? Mama aliwauliza swali hilohilo, kwa heshima kabisa, amesimama na kanga yake kiunoni, "Baba, mimi nilijenga mbali na ziwa, ziwa ndo limenifuata, na walioliruhusu linifuate ni kina nani?" Yule kijana mwenye brashi hakua na jibu, na simlaumu, hata aliyemtuma hakumpa jibu hilo.

Nachokitaka mimi ni kitu kidogo na naomba mtu yeyote mwenye sikio kwenye hizo meza za Kisumu na Entebbe anisikie. Maji tumeshagawana, au tunaendelea kugawana, sawa. Tugawane na namba. Kila siku pale Jinja kuna mtu anaandika usawa wa ziwa na kiasi kilichotolewa, namba mbili tu. Hizo namba mbili zifike kwenye kila mwalo kuanzia Kirumba, Igombe, Kayenze, mpaka Ukerewe na Musoma na Bukoba, ziandikwe kwa chaki kwenye ubao wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, palepale wanapoandika bei ya dagaa, zitumwe kwa meseji kwa wenyeviti wa mitaa, na zikibadilika ghafla redio zetu za Mwanza ziseme kwa Kiswahili na kwa Kisukuma. Hii haihitaji mkataba mpya. Mvuvi wetu anasoma upepo, anasoma mwezi, anajua giza linaanza lini na mbalamwezi inaisha lini, huwezi kuniambia atashindwa kusoma "ziwa limepanda sentimita 5 wiki hii". Mama angekua na namba hizo Machi 2020 zile gunia kumi na moja zingekua Kirumba sokoni.

Na inawezekana, kwa sababu tumeona ikifanyika kwingine. Nenda Rusumo pale Ngara, mto Kagera, Tanzania, Rwanda na Burundi wamejenga mtambo mmoja wa megawati 80 wanagawana umeme sawasawa kila nchi theluthi yake. Nchi tatu, geti moja, na kila mmoja anajua mwenzake amepata nini. Uganda leo kwenye mto Nile kutoka Jinja kushuka chini ina Bujagali, Isimba, na Karuma yenye megawati 600, yote inakunywa maji yanayotoka kwenye ziwa letu wote, kwaiyo kila mtambo unaoongezeka kule chini geti la juu linazidi kuwa na watu wengi wa kuliomba lifunguliwe. Kenya wana asilimia kama 6 tu ya ziwa lakini mvua inayolijaza inapita pia kwenye milima yao. Sisi tuna karibu nusu ya ziwa lote na mlango hauko kwetu. Watu wa namna hii ndo wanaopaswa kudai namba kwa sauti kuliko wote.

Maji yalirudi tena 2024, safari hii yakapita mstari wa babu kabisa. Mama alikua ameshahamisha chanja mwezi wa pili, hakusubiri kuambiwa na mtu, aliangalia jiwe. Stoo ameibomoa mwenyewe tofali kwa tofali, ile yenye X imewekwa mlangoni kwa jikoni anakanyagia miguu ikiwa na tope.

Mjomba ana miaka 71 sasa, tindo ya babu anayo yeye, mpini ameubadilisha mara mbili. Maji yaliposhuka tukaenda wote watatu na mtoto wangu wa miaka sita, nikapima kwa futi kamba kutoka kwenye mstari wa 64 mpaka kwenye alama ya maji iliyobaki kwenye jiwe, mjomba akachonga mstari mpya juu ya ule wa zamani, na mtoto akashika chaki akaandika 24 ili mjomba apitishie tindo. Mbili yake ameiandika imegeuka. Mjomba akataka kuifuta, nikamwambia aichonge hivohivo.